Kuweka vikomo vya kasi na miunganisho kwenye torenti mnapotumia laini moja ya intaneti

Katika chumba cha kompyuta ninachokihudumia hapa Mwanga, mjini Kigoma, kuna kompyuta 14, ruta moja na laini moja ya 4G. Wote wanaoingia humo hutegemea laini hiyo moja: mwanafunzi anayejaza maombi ya mkopo wa chuo, mwalimu anayetafuta mitihani ya miaka iliyopita, na kijana anayepakua Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta usiolipiwa, kwa torenti ili afufue kompyuta mpakato ya zamani. Kwa muda mrefu, kila intaneti iliposuasua tulijibiana maneno yale yale, kwamba Kigoma ni mwisho wa reli na intaneti hufika huku ikiwa imechoka.

Jibu hilo halisimami ukilipigia hesabu. Kutoka Dar es Salaam hadi hapa kwa njia ya reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Nuru ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo umbali huo huichukua milisekunde 6 kuja na nyingine 6 kurudi. Zidisha mara mbili kwa sababu kebo hazinyooki, ongeza makumi ya milisekunde yanayotumiwa na mawimbi ya 4G, na bado hutafika robo ya sekunde. Siku niliyopima kwa mara ya kwanza huku torenti ikiendelea, pakiti, yaani vifurushi vidogo vya data, zilikuwa zinarudi baada ya milisekunde 1,900. Umbali hauwezi kuzaa namba kama hiyo. Kinachoizaa ni foleni, na foleni hiyo iko ndani ya chumba chetu wenyewe, kwenye kile kiboksi chenye taa za kijani.

Torenti hutumia itifaki, yaani kanuni za mawasiliano, ya BitTorrent, iliyobuniwa na Bram Cohen mwaka 2001, nayo ndiyo mfano unaojulikana zaidi wa mitandao ya rika kwa rika, yaani mitandao ambayo kompyuta hupeana mafaili moja kwa moja bila kuitegemea seva moja ya katikati. Faili hukatwa vipande, na kila kompyuta iliyomo kwenye kundi hupakua vipande isivyo navyo huku ikiwapakia wengine vile ilivyo navyo. Kompyuta hizo za wengine nitaziita wenza. Debian, Ubuntu, LibreOffice na Kiwix, ile inayotuwezesha kuisoma Wikipedia bila intaneti, zote hugawa mafaili yake kwa njia hii, na ni mafaili ya namna hiyo, ambayo wenyewe wameruhusu yagawanywe, ninayoyazungumzia hapa. Njia hii inatufaa sana sisi ambao laini hukatika mara kwa mara, kwa sababu upakuaji huendelea pale ulipoishia na kila kipande hukaguliwa kabla ya kukubaliwa. Sitaki mtu aipige marufuku chumbani kwake kwa kuwa tu hakuonyeshwa namna ya kuiwekea mipaka.

Foleni inaanzia kwenye kupakia

Laini nyingi zina njia mbili zisizolingana, yaani njia pana ya kupakua na njia nyembamba ya kupakia. Yetu nikiipima mchana hunipa karibu Mbps 8 za kupakua na Mbps 2 za kupakia. Namba hizo ni za megabiti kwa sekunde, ilhali programu za torenti huhesabu kwa kilobaiti, na baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo Mbps 2 ni sawa na kilobaiti 250 kwa sekunde. Naomba msomaji asiipite sentensi hiyo haraka. Nimewahi kukuta programu imewekewa kikomo cha 2,000, aliyekiweka akiamini kwamba ameandika Mbps 2, kumbe ameandika Mbps 16, kasi ambayo njia yetu ya kupakia haijawahi kuifikia. Kikomo kilikuwepo kwenye skrini lakini hakikuwa kinazuia chochote.

Ruta ikipokea data nyingi kuliko inavyoweza kuzitoa, haizitupi papo hapo, bali huzipanga kwenye kumbukumbu yake zisubiri zamu. Chukua foleni ya kilobaiti 500 iliyo mbele ya njia inayopitisha kilobaiti 250 kwa sekunde: pakiti inayofika mwisho wa foleni itangoja sekunde 2 kamili kabla ya kutoka mlangoni. Torenti haichoki kupakia, kwa sababu daima yuko mwenza mahali fulani duniani anayetaka kipande ulicho nacho, na kwa hiyo foleni hiyo haiishi mpaka uizuie kwa makusudi.

Linalowashangaza wengi ni kwamba hata mtu anayepakua tu, bila kutuma kitu, huumia. TCP, ambayo hubeba kurasa nyingi za wavuti, humtaka mpokeaji arudishe stakabadhi ndogo, kwa kawaida moja kwa kila pakiti mbili, na mtumaji asipozipata kwa wakati hupunguza mwendo. Kwa kasi ya Mbps 8 na pakiti za baiti 1,500, kompyuta hupokea pakiti zipatazo 670 kwa sekunde na kurudisha stakabadhi zipatazo 330, ambazo zote kwa pamoja hazifiki hata kilobaiti 20. Ni mzigo mdogo mno. Lakini stakabadhi hizo zikifika mlangoni zikakuta torenti imeshapanga kilobaiti 500 mbele yake, zitangoja sekunde 2 kama wengine wote, na upakuaji wa chumba kizima utashuka ingawa njia ya kupakua iko wazi. Ndiyo maana anayeweka kikomo cha kupakua peke yake hubaki akishangaa kwa nini hali haibadiliki.

Programu za kisasa zina uTP, namna ya kusafirisha data inayofuata kanuni ya LEDBAT iliyoelezwa katika RFC 6817, hati ya kanuni za intaneti ya mwaka 2012. Kanuni hiyo hupima ucheleweshaji na kujirudisha nyuma unapozidi lengo, ambalo halitakiwi kuvuka milisekunde 100. Iache uTP ikiwa imewashwa, kwa kuwa inasaidia kweli. Usiitegemee peke yake, kwani baadhi ya wenza wataunganishwa nawe kwa TCP ya kawaida isiyo na adabu hiyo, na ucheleweshaji wa 4G wenyewe hupanda na kushuka kiasi cha kuikoroga mizani yake.

Pima kabla hujagusa mpangilio wowote

Kifaa unachohitaji umeshanacho, nacho ni amri ya ping, inayotuma pakiti ndogo na kukuonyesha imechukua milisekunde ngapi kurudi. Fungua madirisha mawili ya kuandikia amri. Katika la kwanza ipime ruta yenyewe kwa anwani yake, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.8.1, katika la pili pima anwani iliyo nje, kwa mfano 8.8.8.8. Kwenye Windows ongeza alama -t ili upimaji usikome baada ya mara nne. Milisekunde zikipanda kwenye dirisha la ruta, tatizo liko kwenye Wi-Fi au ruta imezidiwa. Zikipanda kwenye dirisha la nje tu, foleni iko kwenye laini. Tofauti hiyo itakuokolea siku nzima ya kubahatisha.

Simamisha kila kitu kwa dakika mbili, uandike namba za kawaida. Kwetu zilikuwa 58, 61, 73, 60. Kisha anzisha torenti moja yenye wenza wengi bila kikomo chochote na uache macho kwenye dirisha la nje. Kwetu zilianza kupanda taratibu, 90, 140, 410, na kabla ya dakika kuisha zilikuwa 1,300, kisha 1,900, huku mistari michache ikisema kwamba muda wa kusubiri umekwisha. Niliandika 100 kwenye kikomo cha kupakia bila kugusa kingine chochote. Mistari iliyofuata ilisoma 1,900, 1,450, 700, 210, 75. Mwanafunzi aliyekuwa meza ya tatu akasema ukurasa wake umefunguka. Kama unamfundisha mtu kazi hii, mwonyeshe kipimo hiki kabla ya kumwambia neno lolote, kwa kuwa kinaeleza kuliko maelezo.

Fanya vipimo hivi mchana na usiku. Kasi ya 4G si ya kudumu, kwa sababu mnara hugawana uwezo wake kati ya wote walio karibu nao, na kikomo kilichopimwa saa 9 usiku watu wakiwa wamelala hakitafaa saa 4 asubuhi.

Kikomo cha kupakia

Kama laini ni ya mtu mmoja, asilimia 70 hadi 80 ya kasi ya kupakia ni mahali pazuri pa kuanzia. Kwa kilobaiti 250 hiyo ni kati ya 175 na 200. Kama laini ni ya watu wengi, anzia nusu, yaani karibu 125, kisha ongeza 20 kila baada ya dakika mbili huku ukiitazama ping. Zitakapoanza kupanda, rudi nyuma hatua mbili na ubaki hapo. Mimi niliishia 120 kwa mchana. Kumbuka kwamba katika qBittorrent, programu ya torenti, namba 0 maana yake ni kutokuwa na kikomo, si kuzuia kabisa. Humo humo, kwenye mipangilio ya kasi, viko visanduku vidogo vinavyouliza kama kikomo kihusishe pia uTP na kama kihesabu mzigo wa vichwa vya pakiti; viweke alama vyote viwili, la sivyo ruta itabeba zaidi ya ulichoandika.

Usishuke kupita kiasi ukidhani unaokoa. BitTorrent imejengwa juu ya nipe nikupe. Katika muundo wake wa asili, kila kompyuta hutazama kila baada ya sekunde 10 ni wenza gani wanaoipa kasi kubwa, ikawafungulia hao wachache, na kila sekunde 30 humfungulia mmoja mwingine kwa kubahatisha ili ajaribiwe. Ukipakia kilobaiti 5 tu kwa sekunde, wenza hawataona sababu ya kukupa zamu, na upakuaji wako utakokota ingawa laini ina nafasi.

Hapo ndipo idadi ya nafasi za kupakia inapoingia, yaani wenza wangapi unawahudumia kwa wakati mmoja. Kilobaiti 120 zikigawanywa kwa wenza 4, kila mmoja hupata 30, kiasi ambacho hukufanya uonekane mtu wa kushirikiana naye. Zikigawanywa kwa 20, kila mmoja hupata 6, nawe huonekani na yeyote. Kwa njia nyembamba kama zetu, nafasi 4 kwa kila torenti na 6 hadi 8 kwa programu nzima zinatosha, na torenti zinazoendelea kwa wakati mmoja zisizidi 2 au 3, nyingine zingoje.

Kikomo cha namna hii kina udhaifu mmoja, kwamba kinaizuia programu moja kwenye kompyuta moja. Watu watatu wakiwasha torenti kwenye kompyuta tatu, kila mmoja na 120 zake, jumla ni 360 na foleni imerudi. Kwa chumba cha pamoja suluhisho la kweli liko kwenye ruta. Ruta inayotumia OpenWrt, mfumo huru wa kuendeshea ruta, au ruta ya MikroTik yenye RouterOS toleo la 7, ina taratibu za kusimamia foleni kama fq_codel na CAKE, ambazo huwatenganisha watumiaji ili pakiti ndogo za mtu mmoja zisingoje nyuma ya mzigo wa mwingine. Ukiziwasha, ziambie kwamba laini ina asilimia 85 hivi ya kasi ndogo uliyopima mchana, ili foleni ijengeke ndani ya ruta yako, ambako inasimamiwa, na si kwenye vifaa vya mtoa huduma ambako huna mkono. Ruta nyingi zinazouzwa pamoja na laini hazina uwezo huu. Kwa hizo, teua kompyuta moja tu ya kupakulia torenti na uwaelekeze wote huko.

Idadi ya miunganisho na daftari la ruta

Wako wanaoamini kwamba miunganisho mingi ni kasi kubwa, na imani hii imeharibu vyumba vingi. Tumeshaona kwamba programu huwahudumia wenza wachache tu kwa wakati mmoja; wengine waliounganishwa hukaa wakisubiri, huku kila mmoja akikutumia taarifa ndogo kila anapomaliza kipande. Ukiwa na wenza 30 wazuri unapata karibu kila kitu ambacho ungepata kwa 300.

Gharama ya hao waliobaki huangukia ruta. Kompyuta zote chumbani hutoka nje kwa anwani moja, hivyo ruta hulazimika kuweka daftari linaloandika kila muunganisho, wa TCP na wa UDP (njia nyingine ya kutuma data, isiyodai stakabadhi), ili majibu yakirudi ijue yanakwenda meza gani. Daftari hilo lina kurasa za idadi maalumu, na kwa ruta ndogo ni chache. Zaidi ya wenza wenyewe, torenti huwa na DHT, mtandao wa kutafutia wenza bila seva, ambao hutuma maulizo mengi mafupi ya UDP, na kila ulizo huacha mstari daftarini kwa sekunde kadhaa hata kama halikujibiwa.

Dalili za daftari kujaa si zile za laini nyembamba, na ni vizuri kuzitofautisha. Laini ikijaa, kila kitu huenda polepole. Daftari likijaa, vilivyofunguliwa huendelea vizuri lakini vipya hukataa: aliye kwenye simu ya WhatsApp anaendelea kuongea, wakati jirani yake anayefungua ukurasa mpya anaambiwa tovuti haipatikani. Ukizima ruta na kuiwasha, mambo hutengemaa kwa saa moja kisha yakarudi pale pale. Ukiona hivyo, usimpigie mtoa huduma, punguza miunganisho.

qBittorrent huja ikiwa imeruhusu miunganisho 500 kwa jumla na 100 kwa kila torenti, na Transmission, programu nyingine ya torenti, 200 kwa jumla na 50 kwa kila torenti. Kwa ruta ndogo ya 4G yenye watu wengi mimi huweka 80 kwa jumla na 30 kwa kila torenti, na sijaona upakuaji ukipungua kwa torenti yenye wenza wa kutosha. Ruta yenye nguvu inaweza kubeba 200 bila shida. Panda kwa hatua, na kila hatua ipe saa kadhaa, kwa sababu daftari halijai kwa dakika mbili kama foleni.

Liko jambo moja linalotuhusu sana sisi ambao umeme hukatika. Ruta nyingi ndani yake ni Linux, na Linux kwa mpangilio wake wa asili huweza kuutunza muunganisho wa TCP daftarini hadi siku 5 hata kama hakuna data inayopita, ikisubiri kuambiwa kwamba umefungwa. Umeme ukikatika na kompyuta za mezani zikazimika ghafla huku ruta ikiendelea kwa betri, hakuna anayeiambia ruta kwamba mazungumzo yamekwisha, na mistari iliyokufa inaweza kubaki ikichukua nafasi. Ndiyo maana chumba chenye betri nzuri ya ruta kinaweza kuugua ugonjwa ambao chumba kisicho na betri hakiujui. Siku ya kukatika mara kwa mara, izime ruta na kuiwasha umeme unaporudi. Kama ruta inakuruhusu kubadilisha muda huo, saa 2 zinatosha kabisa.

Mtu pia atakuambia ufungue mlango (port) kwenye ruta ili wenza wa nje wakufikie. Ushauri huo ni mzuri kwa mwenye anwani yake mwenyewe ya intaneti. Tazama kwanza ukurasa wa hali ya ruta: kama anwani ya upande wa nje inaanza na 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127, basi mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na mlango utakaoufungua kwako hauelekei popote. Utaendelea kupata wenza kwa wewe kuwatafuta, nao watatosha. Usiongeze idadi ya miunganisho ukidhani unafidia. Vivyo hivyo, ukikutana na maelekezo ya kurekebisha Windows ili iruhusu miunganisho mingi inayoanzishwa kwa pamoja, fahamu kwamba yalihusu kikomo cha 10 kilicholetwa na Windows XP SP2 mwaka 2004, na Windows za leo hazina kikomo hicho.

Mchana wa watu, usiku wa torenti

Programu nyingi kubwa huruhusu vikomo viwili, cha kawaida na cha pili kinachofuata ratiba. Katika Transmission cha pili kina picha ya kobe. Kwetu mchana ni wa kobe, na usiku kuanzia saa 5 hadi saa 12 asubuhi torenti inaachiwa kilobaiti 200 za kupakia na kupakua bila kikomo. Uandikapo ratiba hiyo, programu haijui saa za Kiswahili: saa 5 usiku ni 23:00 na saa 12 asubuhi ni 06:00. Hakikisha vilevile kwamba kompyuta imewekewa majira ya Afrika Mashariki, maana nimeona kompyuta iliyonunuliwa ikiwa imetumika nje ambayo bado ilikuwa ikifuata saa za Ulaya, na torenti yake ilikuwa ikifunguka kwa nguvu zote wakati wanafunzi wanaingia.

Anayetumia kifurushi cha GB afanye hesabu nyingine. Kupakia nako hula bando. Programu huwa na uwiano wa kugawa, na uwiano wa 1 maana yake umerudisha kiasi kile kile ulichopokea. Faili la GB 5 litakugharimu GB 10. Mwenye kifurushi cha usiku kisicho na kipimo anaweza kuachia uwiano upite 1, na ningemsihi afanye hivyo, kwa sababu mafaili haya hutufikia kwa kuwa kuna watu wengine walioacha kompyuta zao zikigawa. Mwenye bando dogo aweke uwiano anaoumudu na programu isimame yenyewe, badala ya kukumbuka asubuhi salio likiwa limekwisha.

Usiipakue mara 14

Wikipedia ya Kiingereza yenye picha, kama inavyogawiwa na Kiwix, ni zaidi ya GB 100. Kwa Mbps 8, yaani megabaiti 1 kwa sekunde, GB 100 ni sekunde 100,000, au karibu saa 28 za laini isiyoguswa na mtu mwingine. Ukitumia saa 7 za kila usiku ni usiku nne. Hakuna sababu ya kuirudia kazi hiyo kwenye kila kompyuta.

Programu nyingi zina uwezo wa kuwatambua wenza walio kwenye mtandao huo huo wa ndani. Uwashe, kisha iongeze torenti ile ile kwenye kompyuta za pili na tatu baada ya ya kwanza kumaliza. Zitachukua vipande kutoka meza ya jirani kwa kasi ya kebo au Wi-Fi, bila kugusa bando. Hakikisha kikomo cha kasi hakihusishi wenza wa ndani, kwani katika qBittorrent hilo ni chaguo la peke yake. Kama kompyuta hazionani, chunguza kwenye ruta kama Wi-Fi imewekwa iwatenganishe watumiaji, mpangilio ambao ni mzuri kwa wageni lakini huzuia jambo hili. Kebo ya mtandao kati ya kompyuta hizo ni bora kuliko Wi-Fi, na ndiyo njia ninayoitumia kila mara kwa mafaili makubwa.

Wanaogawana bila kukuambia

Umeweka kila kikomo, hakuna torenti inayoendelea, na bado ping zinapanda. Tazama Windows zenyewe. Windows 10 na 11 zina utaratibu wa kugawana masasisho kati ya kompyuta, ambao ni rika kwa rika kamili. Katika mipangilio yake utaona kwamba unaweza kuruhusu ugawanaji na kompyuta za mtandao wa ndani peke yake, au pia na kompyuta za kwenye intaneti. Chagua za ndani peke yake: kompyuta 14 zitapeana masasisho zenyewe kwa zenyewe, jambo ambalo kwetu limepunguza matumizi ya bando kuliko kikomo chochote nilichowahi kuandika. Ukurasa huo huo una kikomo cha kasi na cha jumla ya mwezi kwa anayetaka kugawana na walio nje. Kompyuta mpakato inayotumia intaneti ya simu iwekewe alama kwamba muunganisho wake hupimwa, na Windows haitapakia masasisho kwa wengine kupitia hapo.

Syncthing, ambayo tunaitumia kulinganisha mafaili ya masomo kati ya hapa na wenzetu wa Kasulu, ina vikomo vya kutuma na kupokea kwenye mipangilio ya miunganisho, navyo huhesabiwa kwa kilobaiti, na 0 ni bila kikomo kama kule qBittorrent. Kwa kawaida vikomo hivyo haviugusi mtandao wa ndani, kwa hiyo unaweza kuweka 60 bila kuchelewesha ulinganishaji wa meza kwa meza. Pande zote mbili zikiwa nyuma ya anwani za pamoja za watoa huduma, Syncthing inaposhindwa kuziunganisha moja kwa moja hupitisha data kwenye seva za kupokezana zinazoendeshwa na watu wa kujitolea, ambazo zina vikomo vyake. Ukiona ulinganishaji unakwenda kwa kilobaiti chache ilhali vikomo vyako viko juu, angalia kwanza aina ya muunganisho iliyoandikwa chini ya jina la kifaa cha mwenzako. Ikiwa unapitia seva ya kupokezana, kuongeza namba kwako hakutabadilisha kitu. Tafuta upande mmoja wenye anwani yake halisi, fungua hapo mlango wa 22000 wa TCP na UDP, na upande wa pili utaufikia wenyewe.